Ipe Rangi Jina la Kazi Yake

Wanangu, mlingoti wa bendera katika mji kama Manono umebeba vitambaa vingi. Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, bendera ilikuwa ya bluu yenye nyota za njano. Mwaka 1963 ikatiwa mkanda mwekundu wa mshazari. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire, na bendera ikawa ya kijani, mkono umeshika mwenge. Mwaka 1997 bluu ikarudi. Kisha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ikaeleza katika ibara yake ya kwanza bendera tuliyo nayo leo: bluu ya anga, nyota ya njano kwenye pembe ya juu kushoto, na mkanda mwekundu wa mshazari wenye kingo nyembamba za njano.

Fikirieni kazi waliyoipata mafundi cherehani kila mara. Bendera ya shule, ya ofisi, ya kituo cha polisi, huku Manono, kule Kalemie, hadi Kinshasa: kila moja ilibidi ishonwe upya. Kitambaa hakisikii kwamba sheria imebadilika.

Programu ya kompyuta inaweza kusikia, ikiwa aliyeiandika aliipangia hivyo tangu mwanzo.

Tuseme msichana mmoja wa hapa anaandika programu ya kumsaidia mnunuzi wa kasiteriti, yale mawe meusi ya bati yaliyoujenga mji wetu. Anatumia lugha ya Python pamoja na Tk, zana za kuchorea madirisha na vitufe zilizoanzishwa na John Ousterhout kule Berkeley, Marekani. Kwa kichwa cha dirisha anataka bluu ya bendera, basi anaandika #007FFF. Msiogope alama hizo. Skrini huchanganya taa tatu, nyekundu, kijani na bluu, na kila taa ina ngazi kuanzia 0 hadi 255. Hapa nyekundu imezimwa, kijani iko kwenye 127, karibu nusu, na bluu imewaka yote, 255. Kwa taa hizo tatu tu mnapata rangi 16,777,216.

Anaiandika #007FFF kwenye kichwa, kwenye vitufe, kwenye mistari ya jedwali. Siku ya kwanza mnunuzi anatoka nayo uani saa sita mchana, na maandishi meupe juu ya bluu ile hayasomeki. Inatakiwa bluu nzito zaidi. Sasa msichana anapekua programu nzima, anabadilisha hapa na pale, na lazima atasahau mahali. Amekuwa fundi cherehani.

Je, angetumia majina ya rangi yaliyomo tayari ndani ya Tk? Yapo mamia, na ni matamu kuyatumia, lakini orodha hiyo inashikwa na watu wengine. Hadi toleo 8.5, ukiandika green ndani ya Tk ulipata kijani kikali, taa ya kijani ikiwa kwenye 255. Toleo 8.6 lilipotoka mwaka 2012, wenye Tk waliamua jina hilo lifanane na kijani cha kurasa za intaneti, na taa ikashuka hadi 128. Programu ileile, neno lilelile, rangi nyingine. Waliamua vizuri, ila aliyekuwa akikitegemea kijani chake cha zamani hakuulizwa.

Kwa hiyo awe na orodha yake mwenyewe, mahali pamoja, juu kabisa ya programu: RANGI_YA_KICHWA = "#007FFF". Kwingine kote aandike jina tu. Na jina liseme kazi, lisiseme sura. Akiiita BLUU, halafu kesho mnunuzi akataka kijani, programu itajaa neno BLUU linalopaka kijani, na atakayeirithi atachanganyikiwa. Vilevile RANGI_YA_ONYO ni bora kuliko NYEKUNDU, maana wapo watu ambao macho yao hayatenganishi nyekundu na kijani, na kwa ajili yao onyo huenda likafaa kuwa la rangi ya machungwa.

Bado kuna jambo moja, na hapa wengi hukwama. Akibadilisha RANGI_YA_KICHWA wakati dirisha liko wazi, hakuna kinachotokea. Kichwa kilipotengenezwa kilinakili zile tarakimu, kisha kikalisahau jina. Dawa yake ni mitindo ya ttk, sehemu ya Tk ambayo vifaa vyake hufuata mitindo. Anaunda mtindo, mathalani Kichwa.TLabel, anaupa rangi, na kila lebo ya kichwa anaifungia kwenye mtindo huo. Lebo hizo hazinakili rangi, zinauliza mtindo wao kila zinapochorwa. Akiugusa mtindo mara moja, zote zinajipaka upya palepale, dirisha likiwa wazi.

Hapo ndipo anaweza kuweka orodha mbili zenye majina yaleyale ya kazi, moja ya mchana na moja ya usiku, na kitufe kimoja cha kuhama kati yake. Za mchana azichague akiwa nje uani, juani, simu au kompyuta mkononi, kwa sababu ndani ya chumba kila rangi inaonekana nzuri.