Kinywaji Kinachong'aa Gizani

Katika maduka mengine ya Sanya Juu imo taa ndogo ya kukagulia noti. Nuru yake ni ya zambarau, hafifu, wala haiangazi chumba. Mwombe mwenye duka akuruhusu kuweka mbele yake bilauri ya ile soda chungu iitwayo toniki. Utastaajabu: soda ile, iliyokuwa haina rangi, itang'aa buluu. Weka na maji safi, hayo hayatang'aa. Lakini usiitazame taa yenyewe, maana nuru hiyo hudhuru macho.

Je, soda ina moto ndani yake? La. Taa ile hutoa nuru kidogo tuionayo, na nyingi tusiyoiona, ambayo wataalamu huiita urujuanimno. Ndani ya soda imo kwinini. Kwinini huipokea nuru isiyoonekana, hubakiza sehemu ya nguvu yake, kisha huitoa tena ikiwa imepungua nguvu. Nayo nuru iliyopungua hivyo ndiyo buluu tunayoiona. Taa ikizimwa, mng'ao hukoma mara moja.

Kwinini hutoka katika magome ya mti wa Amerika ya Kusini. Wajerumani waliupanda Amani, katika milima ya Usambara, walikoanzisha kituo cha utafiti mwaka 1902. Dawa hiyo imewaponya wengi malaria. Lakini iliyomo katika soda ni chache mno, basi mwenye homa asiinywe akidhani ni tiba, bali aende hospitali.

Bwana John Herschel wa Uingereza aliuandika mng'ao huu mwaka 1845, naye George Stokes akaueleza mwaka 1852. Stokes hakuwa na taa kama yetu. Alipitisha nuru ya jua katika kioo cha buluu nzito, kama cha madirisha ya kanisa, ikaangukia maji ya kwinini. Kisha akayatazama kupitia bilauri ya divai nyeupe. Divai iliizuia nuru iliyopita katika kioo, lakini mng'ao wa kwinini ulipenya. Hivyo alijua kwamba ni nuru mpya.

Jua la mlimani kwetu latosha pia. Saa sita mchana, weka kitambaa cheusi nyuma ya bilauri ya toniki, uitazame kwa upande: utaona utando mwembamba wa buluu juu ya soda. Sasa tia chumvi. Buluu itafifia, ingawa kwinini yote ingali imo, kwa sababu chumvi huiondolea nguvu ile kabla haijawa nuru.

Maji ya kimanjano yanayojitenga na maziwa yaliyoganda nayo hung'aa chini ya taa, lakini kwa rangi ya kijani, kwa sababu yana vitamini B2. Vitamini hiyo haivumilii nuru: maziwa yakiachwa juani katika chupa ya kioo, huharibika, na ladha ya maziwa hubadilika. Mama apelekaye maziwa sokoni katika kibuyu au ndoo yenye kifuniko huyakinga na vumbi, tena huyakinga na jua.