Una watoto wawili wachanga? Pima kabla ya kununua kigari

KUSAFIRI na mtoto mmoja mchanga ni kazi. Kusafiri na wawili kunaweza kumfanya mama aamue kubaki nyumbani, hata siku ambayo hapaswi kubaki.

Chukua mfano wa mama wa pacha. Hapa Kenya mtoto huanza kupata chanjo anapozaliwa, kisha hurudishwa kliniki akiwa na wiki sita, wiki 10 na wiki 14. Chanjo ya surua hutolewa akiwa na miezi tisa na kurudiwa akiwa na miezi 18. Kila mara ni lazima watoto wote wawili wafike. Mama asiye na mtu wa kumsaidia kubeba huahirisha leo, akaahirisha kesho, na mwishowe watoto hukosa kinga.

Kwa hivyo, kigari cha watoto wawili si anasa kama wengi wanavyodhani. Hata hivyo, ni kitu cha bei, na kisichofaa kinaweza kumdhuru mtoto. Kabla ya kutoa pesa zako, zingatia mambo yafuatayo.

Aina mbili

Kuna vigari vya viti vilivyo sambamba, ambapo watoto hukaa bega kwa bega, na vile vya kiti kimoja mbele na kingine nyuma.

Kigari cha sambamba husukumwa kwa urahisi. Ubaya wake ni upana. Vingi vina upana wa sentimita 70 hadi 80. Kabla ya kununua, chukua futi ya fundi cherehani upime mlango wa nyumba yako, lango la ploti na mlango wa duka unalozoea. Ukiishi Mji wa Kale, Mombasa, au Lamu, pima pia vichochoro, ukikumbuka kwamba utapishana na watu, mikokoteni na punda.

Kigari cha mbele na nyuma hupita pembamba, lakini ni kirefu. Kukigeuza kwenye kona au kukipandisha ukingoni mwa barabara huhitaji nguvu zaidi. Katika baadhi ya vigari hivyo, ni kiti kimoja tu kinacholala kabisa. Ikiwa wako ni pacha wachanga, usikubali kigari cha namna hiyo.

Shingo ya mtoto

Hili ndilo jambo kubwa kiafya. Shingo ya mtoto mchanga bado ni dhaifu. Akiketishwa wima, kichwa humwangukia kifuani na njia ya hewa hubanwa. Anaweza kukosa hewa bila kulia wala kupiga teke.

Mtoto ambaye hajafikisha miezi sita, au ambaye bado hajaweza kuketi mwenyewe, anapaswa kulazwa chali kwenye kiti kilicholala kabisa. Wazazi wa pacha wawe waangalifu zaidi kwa sababu pacha wengi huzaliwa kabla ya kutimiza wiki 37. Usimwekee mtoto mto chini ya kichwa wala kumjazia mablanketi pembeni.

Uzito

Vigari vingi vya watoto wawili vina uzito wa kati ya kilo 10 na 15 vikiwa vitupu. Ukiishi orofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti, jiulize ni nani atakayekipandisha.

Mama aliyejifungua kwa upasuaji hushauriwa asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake kwa muda wa wiki sita hivi, ili kidonda kipone vyema. Katika kipindi hicho mtu mwingine ndiye akinyanyue kigari. Na mtu asijaribu kukishusha ngazini peke yake watoto wakiwa ndani.

Angalia pia magurudumu. Yale madogo ya plastiki yanafaa sakafu ya duka kubwa. Kwenye barabara ya changarawe, vumbi au matope ya msimu wa mvua, hukwama. Makubwa, hasa ya kujazwa upepo, hupita vizuri zaidi, ingawa huongeza uzito.

Kigari cha mitumba

Si vibaya kununua kilichotumika. Ila kikague bila haraka.

Funga breki, kisha kisukume kwa nguvu kwenye mteremko. Kikisogea, kiache. Hakikisha kila kiti kina mikanda ya mabegani, kiunoni na katikati ya miguu, na kwamba vifungo vinashika. Kikunje na kukikunjua mara kadhaa uone kama komeo linafunga sawasawa.

Chunguza sana bawaba. Novemba 2009, kampuni ya Maclaren iliwataka wateja wa Marekani waache kutumia takriban vigari milioni moja hadi wavipatie vifuniko vya bawaba, baada ya watoto 12 kukatwa ncha za vidole. Vigari hukaa miaka mingi na kupita mikono mingi. Uwe unakunja kipya au cha zamani, waweke watoto mbali kwanza.

Safarini

Kwenye matatu au basi, kigari hukunjwa na kuingia kwenye buti. Elewana na makanga kuhusu malipo ya mzigo kabla ya kupanda. Usimwache mtoto ndani ya kigari gari likienda, kwani hakikuundwa kumkinga katika ajali.

Treni ya Madaraka Express, iliyoanza kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka wa 2017, huchukua takriban saa tano au sita. Kumbuka kwamba stesheni za Syokimau na Miritini ziko mbali na katikati ya miji hiyo, kwa hivyo utapanda na kushuka magari mengine. Kigari kinachokunjika kwa mkono mmoja kitakusaidia sana huku mwingine umemshika mtoto.

Kwa ndege, mashirika mengi hukuruhusu kukisukuma kigari hadi karibu na mlango wa ndege. Uliza mapema. Uliza pia kuhusu viti, kwa kuwa kwa kawaida mtu mzima mmoja haruhusiwi kupakata watoto wawili.

Jua likiwa kali, usikifunike kigari kwa leso au shali. Joto hupanda upesi ndani na hewa haipiti. Tumia kivuli chake, na uwanyonyeshe watoto mara kwa mara. Ukienda Pwani au eneo la Ziwa Victoria, kuanzia machweo tandaza chandarua juu ya kigari, maana mbu wa malaria huuma usiku.

Usitundike mikoba mizito kwenye vishikio. Kigari kinaweza kupinduka mara tu mtoto mmoja anapotolewa.

Usisahau mbeleko

Ikiwa mmoja ana miaka miwili na mwingine ni mchanga, huenda usihitaji kigari cha wawili. Cha mtoto mmoja pamoja na leso vinatosha. Mkubwa aketi, mdogo umbebe. Hakikisha mapua yake yako wazi, kidevu hakijagusa kifua, na miguu imepanuka huku magoti yakiwa juu kidogo. Mkao huo ni mzuri kwa nyonga zake.

Kabla ya kulipa, fanya jaribio hili. Omba pakiti 10 za unga za kilo mbili, weka tano kila kiti, kisha kisukume kigari nje kwenye mawe. Kipinde kona, kipandishe ukingo, kifunge breki mteremkoni. Muuzaji akikataa, nenda kwingine.

Na ukikosa pesa za kigari, usikose kliniki. Omba jirani au shangazi akubebee mmoja siku hiyo. Ikiwa tarehe imepita, wapeleke tu na kitabu cha kliniki. Muuguzi atakueleza chanjo zilizosalia, na nyingi bado zinaweza kutolewa.