Adui Akifa, Abaki Amekufa

Waliokulia kwenye vibanda umiza wanaijua sheria ya picha: stelingi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, ataning'inizwa juu ya moto, lakini kanda ikikaribia kwisha utamwona huyo, anatembea. Ipo na sheria ya pili, ambayo haitajwi sana kwa kuwa hakuna aliyewahi kuibishia: adui mkuu akishaanguka, kaanguka. Watu wanasimama, wanakung'uta suruali, wanakwenda zao.

Mimi ni shabiki wa Star Wars, na ugomvi wangu na filamu zake za karibuni unatokana na sheria hiyo ya pili.

Kwa asiyeifuatilia, hii ni hadithi ya waasi wanaopigana na dola dhalimu kwenye sayari za mbali. George Lucas aliianzisha mwaka 1977, na filamu tatu za kwanza zikaishia 1983. Kisha akarudi nyuma: kati ya 1999 na 2005 akatoa tatu nyingine, zinazoeleza jinsi kijana Anakin Skywalker alivyogeuka kuwa Darth Vader, yule wa joho jeusi na pumzi nzito. Mwaka 2012 Disney wakainunua kampuni ya Lucas kwa dola bilioni nne na ushei, na kuanzia 2015 hadi 2019 wakaongeza tatu za kufunga hadithi.

Simulizi inayotungwa na watu wengi kwa muda wote huo lazima ijikwae. Mwaka 1977 mzee Obi-Wan anamwambia kijana Luke kwamba Vader ndiye aliyemuua baba yake. Mwaka 1980 Vader anamwambia Luke kwamba baba yake ni yeye. Kufikia 1983 Obi-Wan, ambaye sasa ni mzimu, anajitetea kuwa alichosema kilikuwa kweli, inategemea unakitazamaje. Katika filamu hiyohiyo, Leia, pacha wa Luke, anasimulia anavyomkumbuka mama yake mzazi na huzuni aliyokuwa nayo. Miaka 22 baadaye tukaonyeshwa mama huyo akikata roho mara tu baada ya kujifungua. Kichanga wa dakika chache anakumbuka nini?

Kuna mashabiki wanaokosa usingizi kwa ajili ya hilo. Mimi halinisumbui. Wazee kuficha siri za ukoo si jambo geni, na Obi-Wan anayedanganya ana utu kuliko Obi-Wan asiyekosea. Kuna hata kasoro iliyozaa filamu nzima. Kwa miaka mingi watu walicheka: ngome ya vita yenye ukubwa wa mwezi mdogo inalipuliwaje na makombora yaliyopenya kitundu? Mwaka 2016 Rogue One ikajibu. Mhandisi aliyelazimishwa kuijenga, Galen Erso, aliuacha udhaifu huo makusudi, na binti yake Jyn na wenzake wakaenda kuiba ramani ili waasi wajue pa kupiga. Ramani ikafika. Wao wakafa wote.

Yaani Rogue One iliivunja sheria ya kwanza waziwazi, ikaua stelingi wake mmoja baada ya mwingine, na bado ndiyo ninayoipenda kuliko zote za enzi ya Disney. Sasa ukirudia ile ya 1977, ushindi wa Luke dhidi ya ngome hiyo una bei, na unawajua walioilipa. Tamthilia ya Andor, ya 2022 hadi 2025, inamfuata mmoja wa marehemu hao. Mwisho wake tunaujua tangu sehemu ya kwanza, na hilo halipunguzi utamu hata chembe.

Ndipo ninapokwazika na The Rise of Skywalker ya 2019. Mwaka 1983 Vader alimbeba Mfalme Palpatine, mtawala wa dola ile dhalimu, na kumtupa shimoni ili amwokoe mwanawe, naye akafa kwa kitendo hicho. Filamu sita za Lucas zinaelekea pale. Kisha, miaka 36 baadaye, maandishi ya mwanzo yanatangaza kwamba sauti ya Palpatine imesikika tena, na maelezo ya alivyorudi ni ya sentensi chache. Mpwa wangu, aliye darasa la sita, alinigeukia.

"Mjomba, huyu si alitupwa shimoni?"

"Alitupwa."

"Sasa babake Luke alikufa bure?"

Sikuwa na la kumjibu, na waandishi wa filamu hawakuwa wameniachia la kusema.

Tusisingizie kwamba ni dhambi ya Disney peke yao. Vitabu vya katuni vilishamfufua Palpatine mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lakini hivyo, pamoja na riwaya nyingi za zamani, viliwekwa kando mwaka 2014 na kuitwa Legends. Wapo waliolia. Mimi naona ule ulikuwa uungwana: uliambiwa mapema kwamba kile ni kikapu kingine. Na kilichokuwa kizuri kikarejeshwa, kama Thrawn, jemadari aliyebuniwa na Timothy Zahn katika riwaya ya 1991, ambaye sasa yumo kwenye tamthilia.

Na mwendelezo mzuri hauhitaji makeke. Mwaka 1983 rubani mwenza mmoja wa waasi, Nien Nunb, mwenye mashavu yaliyoning'inia, alipewa sauti na mwanafunzi Mkenya, Kipsang Rotich, na watazamaji wa Kenya wakashangaa kusikia Kigikuyu angani. Mwaka 2015 Nien Nunb alirudi kwa dakika chache tu, kwa sauti ya mtu yuleyule.

Sasa zamu ni ya filamu mpya: The Mandalorian and Grogu ya 2026, kisha Starfighter ya Shawn Levy, iliyopangwa kutoka 2027 ikiwa na Ryan Gosling na wahusika wapya, miaka kama mitano baada ya matukio ya ile ya 2019. Hiyo ya pili ndiyo ninayoisubiri. Watu wapya wana nafasi ya kufa kweli, na kushinda kweli. Tarehe zikipishana nitasamehe. Wakimfufua Palpatine tena, hela yangu ya kiingilio wataisikia kwenye bomba.