Papwa Sewgolum: Bingwa wa gofu aliyekabidhiwa kombe lake kwenye mvua

Kila siku malori yaliyosheheni shaba na kobalti huondoka Lubumbashi kuelekea mpaka wa Kasumbalesa. Baadhi yake huvuka Zambia na kuendelea kusini kwa zaidi ya kilomita 2,500 hadi bandari ya Durban, Afrika Kusini. Katika komini ya Kampemba, uliko mtaa wa viwanda wa Lubumbashi, jina la Durban si geni. Ni bandari, ni kontena, ni safari ndefu ya dereva ambaye nyumbani wanamsubiri.

Lakini katika mji huohuo kuna kiwanja cha gofu cha manispaa chenye jina la mtu ambaye wengi wanaopita huko hawajawahi kulisikia: Papwa Sewgolum. Alikuwa mchezaji wa gofu ya kulipwa. Alishinda mashindano ya Ulaya mara tatu na akamshinda Gary Player, mmoja wa wachezaji wakubwa katika historia ya mchezo huo. Hata hivyo, siku alipotwaa kombe mjini kwao, hakuruhusiwa kuingia ndani kulipokea.

Kijana wa kubeba fimbo

Jina lake kamili lilikuwa Sewsunker Sewgolum. Alizaliwa Durban katika jamii ya Wahindi wa jimbo la Natal, ambao wazee wao walianza kuletwa na Waingereza mwaka 1860 kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Familia yake ilikuwa maskini na mama yake alikuwa kipofu. Papwa hakupata nafasi ya kusoma, na maisha yake yote hakujua kusoma wala kuandika.

Karibu na kwao kulikuwa na kiwanja cha gofu cha Beachwood. Hapo alipata kazi ya kedi, yaani kijana anayebeba mfuko wa fimbo za mchezaji, anayetafuta mpira ukipotea majanini na kumwonyesha mwenye mfuko njia ya kuelekea kwenye shimo. Kwa watoto wengi maskini wa Afrika, hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee ya kuingia kwenye kiwanja cha gofu. Kedi huona kila kitu: upepo, mteremko wa ardhi, makosa ya wakubwa. Asichokuwa nacho ni fimbo yake mwenyewe.

Papwa alianza kujifunza kwa kutumia tawi la mti. Kwa kuwa hakuwa na mwalimu, alishika fimbo kwa namna yake. Mchezaji anayetumia mkono wa kulia huweka mkono wa kushoto juu na wa kulia chini. Yeye aliigeuza mikono hiyo: wa kulia juu, wa kushoto chini. Kwa mwalimu yeyote wa gofu hilo ni kosa la siku ya kwanza. Papwa hakulibadilisha kamwe, na kwa mshiko huo alipiga mpira mbali na kwa usahihi uliowashangaza waliomwona.

Ulaya yafungua mlango

Wakati huo Afrika Kusini ilikuwa chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi. Wachezaji Wazungu walikuwa na mashindano yao, na wasio Wazungu walikuwa na yao, yenye zawadi ndogo na viwanja duni. Papwa aliwashinda wenzake katika mashindano hayo madogo, lakini hapo ndipo njia ilipoishia.

Aliyemfungulia njia nyingine alikuwa Graham Wulff, mfanyabiashara Mzungu wa Durban anayejulikana kama mvumbuzi wa mafuta ya ngozi ya Oil of Olay. Wulff alikiona kipaji cha kijana aliyembebea fimbo, na mwaka 1959 alimpeleka Ulaya.

Huko Papwa alikuta jambo ambalo nyumbani lilikatazwa: kila mtu alicheza kwenye mashindano yaleyale. Mwaka huohuo wa 1959 alishinda mashindano ya wazi ya Uholanzi. Mwaka uliofuata alirudi kutetea ubingwa na akashinda tena. Mwaka 1964 alishinda kwa mara ya tatu. Alicheza pia Open ya Uingereza, na mwaka 1963 alimaliza ndani ya 20 bora, akiwa miongoni mwa mabingwa wa dunia.

Ili kupima uzito wa ushindi huo, inafaa kukumbuka hali ya gofu ya wakati ule kwingineko. Nchini Marekani, chama cha wachezaji wa kulipwa kilikuwa na kipengele katika katiba yake kilichoruhusu Wazungu peke yao kuwa wanachama. Kipengele hicho kilifutwa mwaka 1961. Mashindano ya Masters hayakuwa na mchezaji mweusi hadi mwaka 1975, alipoingia Mmarekani Lee Elder. Kedi wa Durban asiyejua kusoma alikuwa tayari ametwaa kombe la taifa la Ulaya miaka 16 kabla.

Kombe nje, karamu ndani

Mwaka 1963 Papwa aliruhusiwa kushiriki mashindano ya wazi ya Natal, yaliyochezwa katika klabu ya Durban Country Club. Ruhusa hiyo ilihusu nyasi tu. Jengo la klabu lilikuwa la Wazungu, kwa hiyo hakuweza kubadilisha nguo humo wala kula pamoja na wenzake.

Alishinda. Wakati wa kutoa zawadi ulipofika, mvua ilikuwa ikinyesha. Wachezaji aliowashinda walikuwa ndani, mahali pakavu. Bingwa alisimama nje, kwenye mvua, na huko ndiko alikokabidhiwa kombe lake.

Habari na picha za tukio hilo zilienea duniani. Watu ambao hawakuwahi kufuatilia sheria za Afrika Kusini walielewa mara moja, kwa sababu jambo lenyewe halikuhitaji maelezo: mshindi yuko nje, walioshindwa wako ndani. Mwaka 1964 Afrika Kusini ilizuiwa kushiriki Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, na mwaka 1970 ilifukuzwa kabisa katika harakati za Olimpiki. Mambo mengi yalichangia hatua hizo, na lile kombe la kwenye mvua lilikuwa miongoni mwa visa vilivyotajwa na waliodai nchi hiyo itengwe.

Amshinda Gary Player, kisha afungiwa

Mwaka 1965 Papwa alishinda tena mashindano ya Natal. Safari hii aliyebaki nyuma yake alikuwa Gary Player, Mzungu wa Afrika Kusini ambaye tayari alikuwa ameshinda Open ya Uingereza, Masters na ubingwa wa PGA wa Marekani. Miezi michache baadaye, Juni 1965, Player alishinda US Open na kuwa mtu wa tatu duniani kukamilisha makombe yote manne makubwa ya gofu.

Hapo ndipo tofauti ya maisha mawili inapoonekana wazi. Wote wawili walitoka nchi moja na walikutana kwenye nyasi zilezile mwaka uleule. Mmoja alipanda ndege kwenda kuandika historia. Mwingine alikuwa amemshinda huyo, na zawadi aliyoipata ni kufungiwa milango. Serikali ilimzuia kucheza katika mashindano ya Wazungu nchini mwake, na pasipoti yake ilichukuliwa, hivyo hata Ulaya hakuweza kwenda.

Kwa mchezaji wa kulipwa, adhabu hiyo ni zaidi ya aibu. Gofu ya kulipwa haina mshahara. Mchezaji hujilipia safari na malazi, na hula kile anachoshinda. Asiyeingia kwenye mashindano hana kipato, na mwili wa mwanamichezo hausubiri sheria zibadilike. Miaka ambayo Papwa angekuwa kileleni ilipita akiwa amezuiwa. Alifariki mwaka 1978 akiwa maskini, kabla ya kutimiza miaka 50.

Jina libakialo

Baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, Afrika Kusini ilimkumbuka. Vitabu vimeandikwa juu yake, na leo mtoto wa Durban anaweza kujifunza gofu kwenye kiwanja chenye jina lake. Heshima hiyo ni ya haki, ila haiwezi kurudisha mashindano ambayo hakucheza.

Mkasa huu unaeleweka vyema Lubumbashi. Mji huu ulioanzishwa na Wabelgiji mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville ulipangwa kwa kuacha eneo tupu kati ya makazi ya Wazungu na makazi ya Waafrika. Hadi leo, ukimtajia mkaaji wa Lubumbashi neno Golf, huenda akafikiria kwanza mtaa wa nyumba za kifahari wenye jina hilo kabla ya kufikiria mchezo.

Hata hivyo njia imeanza kufunguka, na si mbali. Mwaka 2006, Madalitso Muthiya wa nchi jirani ya Zambia, aliyesoma Chuo Kikuu cha New Mexico, alikuwa Mzambia wa kwanza kucheza US Open, huko Winged Foot, New York. Alivaa viatu vyake ndani kama wachezaji wengine wote.

Malori ya Kampemba yataendelea kwenda Durban na kurudi. Dereva atakayekuwa na saa moja ya kupumzika huko anaweza kuuliza kilipo kiwanja cha Papwa. Ataona lango lenye jina la mtu ambaye, enzi zake, malango ya aina hiyo yalifungwa mbele yake.