Vidonge vinne vya rangi mbili

Jioni moja nilikuwa kwenye duka la dawa mtaani kwetu, nasubiri chenji. Akaingia mama kamshika mkono mtoto wa miaka kama saba, kamasi zinamtoka, macho mekundu. "Nipe rangi mbili, za elfu moja tu," alisema. Muuzaji hakuuliza neno. Alichukua mkasi, akakata pakiti ya amoksilini akaacha vidonge vinne, nusu vyekundu nusu vya njano, akavifunga kwenye kipande cha karatasi.

Simlaumu yule mama. Alikuwa na elfu moja na mtoto anaumwa. Lakini ndani ya karatasi ile kulikuwa na makosa mawili, na ili kuyaelewa inabidi tumtazame bakteria mwenyewe.

Mwili wetu umejengwa kwa mabilioni na mabilioni ya seli, kila moja imefunikwa utando laini tu. Bakteria yeye ni seli moja, basi, na wengi wao nje ya utando wana kitu ambacho sisi hatuna: ukuta uliofumwa kama wavu wa mvuvi. Bila ukuta huo hawezi kuishi. Ndani yake kumesongamana chumvi na protini, na maji ya nje yanalazimisha kuingia muda wote. Wavu ndio unaomzuia asipasuke.

Sasa, bakteria anapokua lazima aukate wavu hapa na pale, aingize nyuzi mpya, azifunge mafundo. Mafundo hayo hufungwa na vimeng'enya maalumu. Penisilini, na ndugu yake amoksilini, imefanana umbo na ncha ya uzi inayosubiri kufungwa. Kimeng'enya kinaidaka, kinanasa, hakifanyi kazi tena. Ukataji unaendelea, ufungaji umesimama. Wavu unalegea, maji yanaingia, bakteria anapasuka. Seli za mtoto ziko hapo hapo jirani, lakini hazina ukuta, kwa hiyo dawa haina cha kushika. Kwangu mimi hilo ni moja ya mambo mazuri kuliko yote katika sayansi ya tiba. (Dawa nyingine hupiga kwingine: azithromaisini na tetrasaiklini huziba ribosomu, vile viwanda vya protini vya bakteria, ambavyo muundo wake si sawa na wetu.)

Kosa la kwanza ni hili: mafua huletwa na virusi, na kirusi si seli. Hakina ukuta, hakina ribosomu. Huingia ndani ya seli zetu na kutumia mitambo yetu wenyewe. Amoksilini haikigusi.

Kosa la pili ni nusu dozi, na hapa namkumbuka Albert Alexander, askari polisi wa Uingereza mwenye miaka 43. Mwanzoni mwa 1941 alikuwa amelazwa Oxford, uso umejaa usaha, jicho moja limeshang'olewa. Tarehe 12 Februari timu ya mtafiti Howard Florey ilianza kumchoma sindano za penisilini. Ndani ya siku moja homa ikaanza kushuka. Akarudiwa na hamu ya kula. Lakini penisilini yote iliyokuwapo ilikuwa kidogo mno, hata wakawa wanakusanya mkojo wake, wanaichuja dawa humo na kumchoma tena. Baada ya siku tano ikaisha. Bakteria waliobaki wakaongezeka upya, na tarehe 15 Machi akafariki.

Alexander alikosa dozi kamili kwa sababu haikuwapo duniani. Leo ipo kwenye rafu, tunaikata kwa mkasi.

Na sisi tuna tatizo la ziada. Bakteria akipata mazingira mazuri anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20. Kwa saa 10 mmoja huzaa zaidi ya bilioni. Katika kunakili huko makosa hutokea, na wapo wanaopata uwezo wa kutengeneza kimeng'enya kinachoivunja penisilini. Watafiti Ernst Chain na Edward Abraham walikieleza kimeng'enya hicho mwaka 1940, kabla Alexander hajachomwa sindano ya kwanza. Kooni na tumboni mwa yule mtoto wamejaa bakteria wasio na madhara. Vidonge vinne vitaua walio dhaifu na kuwaachia nafasi wale sugu, ambao huweza kuwapa vinasaba vyao hata bakteria wa aina nyingine. Mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria walioshinda dawa.

Muuzaji wa dawa, uliza kwanza mgonjwa ana nini na cheti kiko wapi, kabla ya kushika mkasi. Nawe mzazi, mafua ya mtoto yape siku chache, mpe maji na uji, mfute kamasi. Ila akihema kwa shida au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, kimbilia kituo cha afya usiku huo huo. Ukiandikiwa dozi na fedha haitoshi, mwambie daktari ungali mbele yake, akupangie kingine. Usingoje kuyasema hayo dukani.