Gari la Zamani na Ukaguzi wa Barabarani

Ukaguzi wa gari hupima breki, usukani, taa, tairi na mwili wa gari. Baadhi ya nchi huyasamehe magari ya zamani. Uingereza, tangu Mei 20, 2018, gari la abiria lililotimiza miaka 40, na ambalo halijafanyiwa mabadiliko makubwa, halilazimiki kupimwa kila mwaka. Hoja ni kwamba magari hayo ni machache, hutembea mara chache na hutunzwa na wenyewe kama mboni ya jicho. Hata hivyo, mmiliki hubaki na wajibu wa kuhakikisha gari lake ni salama.

Tanzania hali ni tofauti. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari lililo barabarani liwe zima, na polisi wa usalama barabarani wana mamlaka ya kulikagua. Dakawa, wilayani Mvomero, iko kando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, ambako magari madogo hupishana na mabasi na malori ya masafa marefu. Hapo gari kuukuu kwa kawaida si pambo la maonyesho. Ni chombo cha kazi, cha kubeba mpunga na abiria. Msamaha wa Uingereza ulilenga gari linalotoka mara mojamoja, si linalobeba mzigo kila siku. Kwa gari la namna hiyo, umri ni sababu ya kuzidisha ukaguzi: mipira ya breki huchakaa, vyuma hupata kutu na nyaya hukauka.