Hazina ya pamoja ya taarifa za kinga ya mwili

Januari mwaka 2020, wanasayansi wa China walipotangaza mpangilio wa vinasaba vya virusi vipya vya corona, haikujulikana bado kinga ya mwili ingevikabili vipi. Hata hivyo, kufikia Machi watafiti wa La Jolla, California, walikwishachapisha orodha ya sehemu za virusi hivyo ambazo huenda kinga ingezilenga.

Hawakubahatisha. Walipekua hifadhidata iitwayo IEDB, wakaangalia yaliyokwishagunduliwa kuhusu virusi vya SARS vya mwaka 2003, ambavyo ni ndugu wa karibu wa hivyo vipya. Utabiri wa namna hiyo uliwawezesha kutengeneza vipimo, na mwezi Mei walieleza kuwa watu wote 20 waliopona Covid-19 waliowachunguza walikuwa na seli T saidizi zinazovitambua virusi hivyo. Kwa watengenezaji wa chanjo, hiyo ilikuwa habari njema.

IEDB, ambayo mpango wake ulielezwa na Alessandro Sette na wenzake mwaka 2005, iligharimiwa na serikali ya Marekani na haimtozi mtumiaji chochote. Ina matokeo kutoka makala zaidi ya 20,000. Ugumu wake haukuwa kompyuta, bali lugha: kipimo kimoja huitwa hivi katika maabara moja, vile katika nyingine. Ndiyo maana wataalamu huyasoma makala hayo na kuyanakili kwa istilahi moja. Ni kazi ya ukarani isiyo na sifa, lakini pasipo hiyo matokeo hayalinganishiki.

Lakini hazina hutoa kile tu kilichowekwa ndani yake. Seli T huonyeshwa vipande vya virusi na molekuli ziitwazo HLA, ambazo kila mtu hurithi aina zake. Hifadhidata nyingine, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1998, imeorodhesha aina zaidi ya 40,000, ilhali vipimo vingi vimefanyiwa aina chache, hasa zilizo za kawaida Ulaya. Barani Afrika, ambako tofauti za kurithi ni kubwa kuliko kwingineko, aina nyingi hazijapimwa vya kutosha, na utabiri kwa mkazi wa Kigoma waweza kuwa dhaifu kuliko kwa mkazi wa Rome.

Kuliziba pengo hilo kunahitaji damu ya Waafrika wa kujitolea, maabara za kuipima hukohuko, na ridhaa iliyoelezwa vyema, kwani taarifa za HLA huweza kumtambulisha mwenyewe.